Betri ya Mtoto Haiungwi na ya Majirani

Mwanahawa mwanangu,

Mimi ni mzima, na leo sina hata ile hofu ambayo watu huiandika kwenye mstari wa kwanza wa barua kwa mazoea. Imenitoka asubuhi hii. Mjomba wako Mkude yupo nyuma ya yadi anaoga kwa ndoo, analalamika kwamba maji ya Dumila yanatoka bombani yakiwa yameshachemshwa. Akimaliza kuoga na kula atapanda basi la Morogoro, kisha gari la Mgeta, na karatasi hizi zitakuwa mfukoni mwake. Ukizisoma itakuwa jioni na begi lako litakuwa mlangoni. Kesho utakaposhuka kuja kazini hutanikuta. Kundi letu la wachimba visima linaondoka leo kwenda upande wa Gairo, na bosi hawezi kusimamisha mtambo eti baba amsubiri binti yake. Ndiyo maana nakuandikia, na unanijua, mimi niliishia darasa la tano, kalamu na jembe nazishika kwa namna moja.

Habari ya nguo, chakula na sindano sitaigusa. Mama yako ameshasema, nesi wa zahanati ameshasema, nikianza na mimi utaziba masikio. Nitakuambia habari ya tela lako, kwa sababu humo nimekosea mengi, na sipendi uyasikie kwanza kwa Fundi Side, yule aliyetufungia sola. Yule atakuhadithia huku anacheka.

Tela lenyewe ni kile kinyumba cha bati chenye magurudumu, kinachovutwa nyuma ya gari, walichokuwa wanalala wapimaji zamani. Kina vitanda viwili, dirisha la wavu, na friji dogo chini ya meza. Wewe na mwenzako, yule binti anayeandika vipimo, mtalala humo kila mtakapopelekwa kufunga pampu, na huko mtakakopelekwa mara nyingi hakuna nguzo hata moja ya umeme. Juu ya paa kuna paneli za sola, chini ya kitanda kuna betri. Dawa yako ya sukari itategemea betri hiyo. Hakuna kingine cha kuitegemea.

Najua hupendi nikumbushe yale ya mjini, lakini lazima niyapitie. Ulipokuwa umepanga chumba Morogoro, ukisoma ufundi, mwenye nyumba alikuwa anazima friji kila mchana ili umeme usiishe haraka. Hakujua kwamba humo ndani kuna dawa, maana hukumwambia. Dawa ikaharibika, wewe ukaendelea kujidunga, mpaka ukabebwa. Mjomba wako ndiye aliyekaa kwenye benchi la hospitali, na pale pale akasema kwamba mtoto huyu hatalala tena nje ya mlima wetu wa Mgeta mpaka yeye aone kwa macho yake dawa inalala wapi.

Akishasema mjomba, imekwisha. Wewe umezaliwa ndani ya desturi hiyo, mtoto ni wa ukoo wa mama na neno ni la mjomba, huoni ajabu. Mimi nilitoka Kasulu kuja kukata miwa, na kwetu mtoto ni wa baba. Nilipomuoa mama yako na kupanda naye mlimani, shamba likawa la kwao, nyumba ikawa kwenye ardhi ya kwao, na watoto wakawa wa kwao. Sikulazimishwa. Nilimpenda mama yako na baridi ya kule ilinifaa. Lakini mtu anayeishi kwenye ardhi ya wenzake anajifunza kitu kimoja haraka sana, kusema ndiyo. Ukiombwa kusaidia kubeba kabichi, ndiyo. Ukiombwa kukesha kwenye msiba wa watu usiowajua, ndiyo. Nilisema ndiyo mpaka ikawa ugonjwa, na ugonjwa huo nilishuka nao huku kambini. Karibu ukugharimu kazi yako.

Tela lilikuwa na betri za maji, zile za lori. Mnazijua hata huko, nzito kama mawe ya kusagia, na tindikali yake imenitoboa suruali mbili. Betri ya lori imetengenezwa iwashe injini kwa nguvu mara moja, kisha ipumzike. Ukiifunga kwenye friji, linalonyonya kidogo kidogo mchana na usiku, inachoka na kufa. Nilipomweleza bosi kwamba binti yangu anakuja kazini na dawa yake haitaki joto, alikuna kidevu, akasema tela litengenezwe. Sikutegemea. Akamleta Fundi Side kutoka Morogoro na betri mpya ya lithiamu. Nyepesi! Niliibeba peke yangu kwapani kama kuku. Side akafunga kifaa kingine cha kupokea chaji ya paneli, akisema kile cha zamani kilizoea betri za maji na hakijui kuongea na hii. Akafunga na kingine cha kupokea chaji kutoka kwenye gari tela likiwa linavutwa, akaweka fyuzi, akaniambia, "Mzee, zile za zamani tupa."

Nikasema ndiyo.

Moja ilikuwa imekufa kabisa, nikaitupa. Ya pili ilikuwa bado inawasha taa. Sasa sikiliza nilivyofikiri, na uniruhusu kusema kwamba wakati ule niliona nina akili sana. Nilijua kambi zinavyokuwa. Mkishasimamisha tela lenye sola mahali pasipo umeme, jua halijazama watu wameshafika na simu zao. Huwezi kuwakatalia, ndio watakaokupa maji na kukuonyesha njia. Nikasema, basi, betri ya lithiamu iwe ya mtoto, na hii ya zamani iwe ya majirani. Nikaibana ya zamani pembeni ya mpya, nikaunga chanya na chanya, hasi na hasi, ili na yenyewe ipate chaji ya paneli. Soketi za simu nikazifunga juu ya ile ya zamani. Kichwani mwangu, simu za majirani zingekula betri ya majirani, na friji lako lingekula betri yako. Kila mtu na sahani yake.

Mjomba wako alipofika nilikuwa nimeshafagia tela na kutandika vitanda. Aliinama mlangoni, akachungulia.

"Shemeji, hii ni nyumba au banda la kuku?"

"Nyumba, shemeji. Ingia."

"Na humu ndimo atakaa mtoto wa dada yangu?"

Side alikuwepo anakusanya vifaa vyake. Akamsalimia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeuza jua?"

"Hapana mzee, jua la bure. Mimi nauza waya."

Mjomba akacheka kidogo, halafu akakumbuka kwamba hakuja kucheka. Side akamwonyesha kile kipimajoto ulichotutumia kutoka kwa nesi, akakiweka ndani ya friji na kumweleza namba zinazotakiwa. Mjomba akatikisa kichwa. "Hicho anakisoma nani? Nipe kitu ninachokijua." Akafungua mfuko wake, akatoa chupa yako ya mafuta ya nazi ya nywele. Njiani yalikuwa yameshayeyuka, yanacheza ndani ya chupa kama maji. "Nyumbani, asubuhi, mafuta haya tunayachimba kwa kijiti," akasema. "Yakiwa hivyo na huku, nitajua yuko kama nyumbani kidogo."

"Mzee, mafuta yanaganda hata kwa ubaridi wa kawaida," Side akamwambia. "Dawa inataka zaidi ya hapo."

"Basi weka vyote viwili. Wewe soma chako, mimi nisome changu."

Side akaondoka. Jioni ile walikuja. Mlinzi wa yadi akaja na simu mbili. Mama anayetupikia akaja na yake na za wanawe. Vijana wa bodaboda wakaja. Kisha akaja kinyozi wa hapo barabarani, umeme kwake ulikuwa umekatika na ana wateja kwenye kiti, akaomba achaji mashine zake. "Mzee Kasulu, wewe ndiye baba yetu," akaniambia. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilifurahi hata. Mjomba wako alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiniangalia nikipangilia waya za watu kama mama ntilie anayepanga sahani.

Asubuhi friji lilikuwa kimya. Mjomba akafungua, akatoa chupa, akaipindua juu chini. Mafuta yakashuka yote kwa mara moja.

"Mtoto haendi," akasema, na akaanza kukunja kanzu yake.

Nilimfuata mpaka stendi nikiwa nimebeba mfuko wake, kama mtu anayemsindikiza mgeni kwa heshima, na moyoni nilikuwa nakuona wewe juu kule umekaa kwenye kiti cha jikoni na cheti chako cha ufundi kwenye bahasha. Nikamwomba jambo moja tu, amsubiri Side, niliyekuwa nimeshampigia simu, afike aseme kilichoharibika. "Nitasubiri," akasema, "kwa sababu basi halijafika. Siyo kwa sababu yako."

Side alifika, tukarudi wote watatu yadini, hatua chache tu, akaingia chini ya kitanda, akatoka mara moja amekunja uso. Betri ya zamani ilikuwa ya moto kama pasi.

"Mzee, nani ameunga hii?"

"Mimi."

"Mzee wangu, umechemka." Kisha akaniona uso, akashusha sauti. Akanieleza pale pale, mbele ya shemeji yangu. Umeme haujui hii ni ya majirani na hii ni ya mtoto. Ukishaziunga namna ile, zote ni sufuria moja. Iliyochoka inainyonya iliyo nzima usiku kucha, majirani nao wanachota humo humo, na ile mpya ikiona inaelekea kuumia inajizima yenyewe ili isife. Friji ndilo linalobaki bila kitu. "Betri yako haina ubaya wowote," akasema. "Imejilinda tu."

Nilitegemea mjomba wako anicheke. Hakucheka. Aliuliza tu, "Kwa hiyo kilichomwangusha mtoto ni ukarimu wa shemeji?"

"Ndiyo mzee."

"Huo naujua," akasema. Akaliacha basi la kwanza likapita.

Hapo nataka nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Side alivyokuwa anakata zile waya mimi nilikuwa naona aibu, lakini si kwa ajili ya betri. Nilikuwa naona miaka yangu. Mimi nilijiunga na kila mtu namna ile. Msimamizi alipotafuta mtu wa kuinua mabomba ya chuma, niliinua, mgongo ukiwa umeshaanza kuuma, nikanyamaza nisionekane mvivu. Leo siwezi kuinama kufunga kamba za viatu bila kushika ukuta. Mgongo wangu ulihitaji mtu mmoja tu wa kuambiwa, na sikumwambia, nikiogopa kwamba mgeni akilalamika atafukuzwa. Wewe unafanana na mimi hapo. Kwa mwenye nyumba ulinyamaza kwa sababu ile ile, usionekane msumbufu. Sikulaumu hata kidogo, umeipata kwangu. Nasema tu kwamba nimeona mwisho wake, na si mzuri.

Side aliitoa ile betri ya zamani kabisa, akaipeleka nje, akaifungia paneli yake ndogo, peke yake, kwenye kibanda cha mlinzi. Hakuna uzi hata mmoja unaoiunganisha na tela. Ikifa, imekufa na majirani zake. Halafu mjomba wako akasema sasa anataka kupima upya, lakini kwa namna yake. "Hapa jua halikatiki, mtu yeyote anaweza. Mimi nataka kuona siku ya ukungu, kama ya kwetu." Akapanda ngazi mwenyewe, mzee yule na kanzu yake, huku mimi nikiishikilia kwa mikono miwili, akazifunika paneli kwa turubai la lori na kuweka matofali juu. Alipoteremka alikuwa ametoka jasho mpaka kwenye nyusi. "Mnaishi ndani ya karai la maandazi," akasema. "Sasa tuone."

Jioni kinyozi akarudi na mashine zake, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa tela.

"Humo hapana," nikamwambia. "Nenda kibandani."

"Kibandani wamejaa, Mzee Kasulu. Ni dakika chache tu, nina mteja nimemnyoa nusu."

"Basi leo atatembea nusu."

"Heee! Mzee leo umekuwa mkali! Hii ya humo ya nani kwani, ya rais?"

"Ya mtoto wangu."

Nilisema hivyo tu. Nilingoja anune, nilingoja asinisalimie kesho yake. Yeye alicheka, akaenda kubanana na wenzake kibandani, na asubuhi alikuwa wa kwanza kuniuliza kama nimelala vizuri. Miaka yote niliogopa neno dogo kiasi hicho. Sijui niliogopa nini.

Turubai lilibaki juu mchana mzima wa kesho yake na usiku mwingine tena. Mjomba wako alikuwa anaamka kila mara kulisikiliza friji, ananiita, "Shemeji, linanguruma," kana kwamba silisikii. Asubuhi hii tulifungua pamoja. Kipimajoto kilikuwa pale pale nesi alipotaka. Mafuta yalikuwa meupe, magumu, hayatikisiki. Akatafuta njiti ya kiberiti, akachimba kidogo, akajipaka mkononi, akanusa. Betri ilikuwa bado na chaji zaidi ya nusu. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi ya tela, na nitakuambia ukweli, nilisinzia. Nilisinzia kwenye jua la asubuhi na kikombe cha chai mkononi, mimi ambaye tangu ulipobebwa hospitali nilikuwa nalala jicho moja. Nilizinduka mlinzi ananinyang'anya kikombe kisimwagike.

Kwa hiyo tela liko tayari. Side ameandika kwa wino mzito juu ya kifuniko cha betri kwamba hapaguswi. Wewe ni fundi, utaelewa waya zile kuliko mimi, na ukiona kitu nilichofunga vibaya kifungue bila kuona huruma. Wenzako wa kazini waambie siku ya kwanza kwamba una sukari na dawa yako iko kwenye friji lile. Bosi anajua, nilimwambia mimi, samahani kama ulitaka kumwambia mwenyewe. Na watu wa vijijini wakija na simu zao wapokee, wape ukarimu wote ulio nao, lakini uwe na kimoja ambacho hakijaungwa na cha mtu. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hapo.

Utaniuliza mjomba amesemaje. Nami nilimuuliza hivyo hivyo, tulipokuwa tunakunja turubai.

"Shemeji, sasa unasemaje? Aende?"

Akaendelea kukunja, pembe kwa pembe, mpaka tukakutana katikati na mikono yetu ikagusana. "Mimi nilisema nitaangalia dawa inalala wapi," akasema. "Nimeangalia. Hilo lilikuwa langu na limekwisha."

"Lakini aende au asiende?"

"Wewe ni baba yake. Sema wewe."

Mwanangu, tangu uzaliwe sikuwahi kuulizwa. Jina lako walichagua bibi yako na mjomba wako. Shule walichagua wao, hata siku ya kukutoa nje ulipozaliwa nilipewa tu habari, nikaambiwa nilete kuni. Sikununa, ndiyo ilikuwa desturi na walikulea vizuri. Lakini alipolitamka lile nilibaki nimeshika turubai kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike. Nikamwambia akanywe chai.

"Chai nimekunywa. Sema. Au kama mdomo mzito, liandike kwenye hiyo barua yako, mimi naenda kuoga."

Sasa hivi ametoka kuoga. Amevaa kanzu iliyopigwa pasi na mama mpishi, ananiita nifanye haraka. Dereva wangu naye anapiga honi, mabomba yameshafungwa, wenzangu wamepanda. Nimeliacha neno hili mpaka mwisho kwa sababu nilitaka kulifurahia.

Mwanahawa, nenda. Nimesema mimi, baba yako.